Kwa mleta uzi wa vanila: hayo marando ya bei chee achana nayo

Mkuu, umesema una nusu eka Kibada, Kigamboni, na kuna jamaa anataka kukuuzia marando 300 ya vanila, yaani vipande vya mmea wake vya kupandia, kwa mkupuo. Nami nilianza hivyohivyo.

Nilinunua 200, yamechanganywa kutoka mashamba ambayo hata muuzaji hakuyajua. Yalikuwa kijani, yanapendeza. Masika ya kwanza nikaona mimea inatoa mizizi hewani, juu kabisa, kana kwamba inaikimbia ardhi. Nikafurahi, nikidhani inanawiri! Kufukua chini, mizizi ni ya kahawia, imeoza, ukiivuta ganda linavuka unabaki na kauzi tu. Hiyo ni fuzari, fangasi wa udongoni. Nikakata vichwa vilivyoonekana vizima kwa kisu kilekile, nikapanda mashimo yaleyale. Usiniulize viliishia wapi.

Na fangasi walau unamwona. Rando linaweza kubeba virusi jani lisioneshe kitu, na hakuna dawa ya kupuliza inayowatoa. Sisi wa Pwani tulishalipata somo hili kwenye muhogo: ugonjwa wa michirizi ya kahawia tuliusambaza wenyewe kwa kupeana pingili za mbegu.

Nikaanza upya na miche 12 tu ya maabara, ile inayokuzwa kwenye chupa kutoka ncha ya chipukizi. Ipo chini ya neti ya kivuli, kwenye makumbi ya nazi niliyoyaloweka na kubadilisha maji mpaka chumvi ikatoka. Hiyo ndiyo mimea mama, kazi yake kutoa marando basi. Nikitoka mmea mmoja kwenda mwingine, kisu kinazama kwenye Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Rando likikatwa linaning'inia kivulini kama wiki, kidonda kikauke, ndipo lipandwe. Mche mgeni unakaa peke yake miezi mitatu (mke wangu anasema wageni wake hawajawahi kukaguliwa hivyo).

Ila mche safi si mche sugu. Ukiupeleka kwenye udongo wenye fuzari utaoza kama ule wa mtaani.

Vanila huchukua karibu miaka mitatu kutoa maua, halafu miezi nane au tisa ganda, yaani tunda lake, kukomaa. Hapa Dar naona tunauziana marando tu, wavunaji wachache. Huyo jamaa mwambie akupeleke ukaione mimea mama na akufukulie mzizi mmoja. Akianza hadithi za shamba liko mkoani, panda pantoni urudi na hela yako.