Mtoto Anasoma kwa Sauti Nzuri, Mbona Haelewi?

Wazazi wa hapa Kisumu huniletea malalamiko ya aina mbili. Kuna wanaosema kwamba mtoto anasoma vizuri kabisa, lakini ukimuuliza alichosoma anakutazama tu. Wengine husema kwamba mtoto wao hukwamakwama kwenye kila neno, hata anapofika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau ilivyoanza. Kwa muda ambao nimefundisha madarasa ya chini, nimeona kwamba watoto hawa wote wawili hunufaika na zoezi moja: kusoma kifungu kifupi kwa sauti, kukirudia hadi kiwe chepesi kinywani, na kuulizwa maana yake papo hapo.

Kiswahili kina hila yake katika jambo hili. Kwa kuwa huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima, hata wa gazeti, bila kuambulia chochote. Ndiyo maana sipendi mzazi aridhike na sauti peke yake. Ufasaha wa kusoma ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuyatambua maneno bila kukosea, kuyatambua bila kuhangaika, na kuyapanga katika mafungu yenye maana, ukipumzika panapostahili.

Chukua sentensi hii ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, ambako dagaa waitwao omena hupimwa kwa mkebe uitwao gorogoro: “Mama na Akinyi walipofika Kibuye, wachuuzi wa omena walikuwa wakijaza gorogoro.” Mtoto ambaye bado hajapata ufasaha ataanza “wa-li-po-fi-ka”, atapumua katikati ya neno, ataipita koma kana kwamba haipo, kisha ataunganisha “Kibuye wachuuzi” kwa pumzi moja. Muulize ni nani waliokuwa wakijaza gorogoro, naye atakujibu bila wasiwasi kwamba ni mama na Akinyi. Hajakosea kutamka hata neno moja. Alichokosa ni mahali pa kupumzika, na nguvu zote za akili yake zimeishia kwenye silabi, zisibaki za kufuatilia nani amefanya nini. Vitenzi vyetu ni virefu, nafsi na wakati vyote vimefungwa ndani ya neno moja, kwa hiyo anayelisoma vipandevipande hupoteza habari nyingi kwa mkupuo.

Njia ya kurudia kusoma si uvumbuzi wangu. S. Jay Samuels, mtafiti wa Marekani, aliieleza mwaka 1979, na mwaka 2000 jopo la kitaifa la nchi hiyo lililopitia tafiti nyingi za usomaji lilithibitisha kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudiarudia, mtoto akiongozwa na mtu anayejua, huinua ufasaha na ufahamu pia. Nyumbani haihitaji gharama yoyote.

Chagua kifungu cha sentensi tano au sita, ambacho mtoto hakwami zaidi ya neno moja katika kila maneno ishirini hivi. Kikiwa kigumu kuliko hapo, mtabaki mkipigana na maneno. Kinakili kwenye karatasi, kisha uweke mkwaju mdogo wa penseli kila panapofaa pumzi: “Mama na Akinyi / walipofika Kibuye, / wachuuzi wa omena / walikuwa wakijaza gorogoro.” Wewe soma kwanza, yeye akifuata kwa kidole. Someni pamoja. Kisha mwache asome peke yake, mara tatu au nne, si lazima zote jioni moja. Baadaye mpe nakala isiyo na mikwaju, kwa maana lengo ni aione mipaka hiyo mwenyewe.

Akikwama, nyamaza kidogo. Mtoto anayerukiwa kila anapositasita huzoea kungoja jibu, na hapo hakuna atakachojifunza. Wala usichukulie lafudhi kuwa kosa la kusoma. Kwetu huku mtoto wa Kijaluo anaweza kusoma “samba” palipoandikwa “shamba”, na bado akajua fika kwamba panazungumziwa mahali pa kulima. Ukimkatiza hapo umemvurugia maana kwa ajili ya matamshi, ambayo yana wakati wake.

Kuhusu kasi, nina wasiwasi na wazazi wanaomshikia mtoto saa ya simu kila siku. Kenya ina viwango vyake, vilivyotumiwa pia kupima Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini: msomaji fasaha wa madarasa ya chini hutarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Tofauti hiyo isimtishe mtu, maana inatokana na urefu wa maneno yetu. Pima mara mojamoja tu, na kamwe usimpime bila kumuuliza maswali baadaye, la sivyo atajifunza kukimbia.

Maswali yenyewe yasiwe ya kunakili jibu kutoka kwenye karatasi. Badala ya “Walifika wapi?”, uliza “Unadhani walikwenda Kibuye kufanya nini?” Na mwache asimulie upya kwa lugha anayoiwaza, iwe Kijaluo, Kiluhya au Kikisii. Nimewasikia watoto wanaobabaika kwa Kiswahili wakimsimulia nyanya yao kisa kizima bila kuacha kitu, na nyanya asiyejua kusoma ana nafasi kubwa hapa, kwa sababu akiuliza “kisha ikawaje?” anauliza kwa dhati.

Kuna watoto ambao zoezi hili halitawasaidia bado. Anayekisia neno kwa kutazama herufi ya kwanza, au anayechanganya “ng” na “ng'”, “dh” na “th”, arudishwe kwanza kwenye silabi, kwa sababu kurudia kifungu kutamfanya akikariri tu. Utamjua ukikificha kifungu kizima na kumwonyesha neno moja la katikati: msomaji atalisoma, aliyekariri ataanza tena “Mama na Akinyi”. Na anayesogeza karatasi hadi puani apelekwe kupimwa macho kabla ya kulaumiwa kwa uvivu.