Kabla Hujashuka Kutoka Kijijini Kwenda Moshi Mjini, Piga Hesabu Mbili

Mwezi uliopita mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alishuka kutoka Kibosho, kijijini kwetu kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, akaja nyumbani kwangu Majengo, hapa Moshi mjini, kuniomba nimsaidie kodi ya chumba. Hoja yake ilikuwa kwamba akiendesha bodaboda atashika shilingi 10,000 kwa siku, wakati kijijini siku nyingi hashiki hata 2,000. Sikumkatalia, lakini sikumpa fedha siku hiyo. Nilimpa daftari, nikamwomba kwa wiki mbili aandike kila anachokula, anachokunywa, anachowasha na anachotumia pale nyumbani bila kukilipia, na pembeni yake aandike bei ambayo angekinunulia mjini.

Nilimpa kazi hiyo kwa sababu mimi mwenyewe sikuifanya nilipohama mwaka 2011. Nilipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi kwa mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kwa kijana aliyezoea kusubiri msimu wa kahawa, fedha hizo zilionekana nyingi mno. Chumba nilichopanga Pasua kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo mshahara wangu wa kwanza uliishia mlangoni pake. Baada ya hapo nilianza kununua vitu ambavyo sikuwahi kufikiri kwamba vina bei: ndizi za mtori, parachichi, maziwa, maharage, mkaa badala ya matawi ya miringaringa, na maji, ambayo kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, yalipita kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, usiku na mchana. Kufikia tarehe 20 nilikuwa nakopa unga kwenye genge. Mama yangu alinitumia mkungu wa ndizi karibu kila wiki kwa gari la abiria, na nilichukua muda mrefu kutambua kwamba yule niliyedhani namsaidia ndiye aliyekuwa ananilisha.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba nasifu kijiji. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 31.3 ya watu wa vijijini Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ilhali katika miji mingine isiyo Dar es Salaam walikuwa asilimia 15.8, na Dar es Salaam asilimia 8. Wapo wanaojibu kwamba takwimu hizo zinasahau migomba na ng'ombe wa nyumbani. Hazisahau, kwa kuwa thamani ya chakula ambacho kaya imekilima na kukila yenyewe huhesabiwa. Pengo lipo kweli, na sisi tuliozaliwa mlimani, ambako kuna mvua na maji, hatuna budi kukumbuka kwamba vipo vijiji vya tambarare ambako mwaka wa ukame hauachi kitu shambani.

Kwa uzoefu wangu, umaskini wa kijijini unauma zaidi katika umbali kuliko katika chakula. Usiku mmoja wa masika, miaka mitatu baada ya mimi kuhama, mtoto wa dada yangu, mdogo wake huyu kijana, alishikwa na degedege. Zahanati ilikuwa imefungwa, barabara ilikuwa tope, na kila bodaboda aliyepigiwa simu alisema hapandi mpaka kupambazuke. Shemeji yangu alimbeba mtoto mgongoni gizani mpaka kwenye lami, mwendo wa karibu saa mbili, ndipo wakapata gari. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mimi nikiugua usiku hapa Majengo, bajaji inanifikisha hospitali kabla maji hayajachemka. Jambo hilo haliwezi kuandikwa kwenye safu ya bei, nami nalihesabu kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote, hasa kwa mwenye watoto wadogo au mke mjamzito.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefikiria kuhama ni kwamba apige hesabu mbili, ya fedha na ya umbali, na asiiruhusu moja imfiche nyingine. Asishuke bila kodi ya miezi sita na akiba ya chakula ya miezi miwili. Asiuze wala kukodisha kihamba ili apate mtaji wa pikipiki, kwa maana pikipiki huchakaa ndani ya miaka michache, na ardhi ya mlimani ikishauzwa hairudi. Kama anaweza, ashuke na ufundi mkononi, kwa kuwa mji humlipa vizuri zaidi mwenye ujuzi kuliko mwenye nguvu tu. Na anayebaki asidhani amekosea: wazee wetu walianzisha KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933 na kusomesha watoto kwa kahawa, na bei zilizoanguka baada ya mwaka 1989 ndizo zilizowasukuma vijana wengi kushuka. Hawakuwa wavivu.

Mpwa wangu alirudi na daftari limejaa kurasa tisa. Ndizi, maziwa, mboga, kuni na malazi vilifika shilingi 6,500 kwa siku kwa bei za soko la Mbuyuni, na hapo hakuwa ameweka mafuta ya pikipiki wala hesabu ya tajiri, yaani fedha anazopelekewa mwenye pikipiki kila siku. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, bora nisome umeme kwanza." Kahawa ikishauzwa, ataomba nafasi VETA, chuo cha mafunzo ya ufundi stadi, nami nitamlipia nauli ya kila siku ili alale nyumbani Kibosho.