Usitupe hizo kaseti!

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema jirani yako kahama na kukuachia sanduku la kaseti za Grateful Dead, ile bendi ya roki ya Marekani, na ndani mna shoo ya ukumbi wa Barton Hall ya 8 Mei 1977 pamoja na shoo nyingine zilizorekodiwa na mashabiki. Unauliza kama ile ya 1977 kweli ndiyo bora kuliko zote, ununue deki gani, na kama inafaa kuzipandisha mtandaoni. Halafu mwishoni kabisa unaandika: "Nikishatoa kelele na kuziweka MP3, kaseti natupa, nyumba yenyewe ndogo." Chai yangu imepoa hapa mezani kwa sababu ya sentensi hiyo.

Usitupe. Na usisafishe chochote kabla hujanakili sauti ghafi, kama ilivyo, pamoja na msisimo wake wote, yaani ule mvumo wa "sss" wa kanda.

Mimi niko Massachusetts mwaka wa 15 huu. Baba mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyeifuata bendi hii mji hadi mji enzi za ujana wake. Siku moja akanishushia kutoka darini kaseti tatu za Maxell za dakika 90. Zilikuwa za Barton Hall, lakini si ile mnayogombania kila siku. Wengi wakisikia ukumbi ule wa Chuo Kikuu cha Cornell pale Ithaca wanadhani bendi ilifika mara moja tu. Ilirudi 7 Mei 1980, ikarudi tena 16 Mei 1981. Za mzee zilikuwa za 1981, karekodi mwenyewe akiwa katikati ya watu, kwa maikrofoni mbili zilizofungwa kwenye fimbo. Aliyeishika fimbo ile usiku kucha ni mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu. Deki ya mzee ilishakufa zamani. Akaniomba nizitie kwenye kompyuta apate kusikiliza.

Nikazipeleka kwa fundi mmoja mwenye duka la kuhamisha kanda. Huyu bwana alikuwa na maneno! Kwamba ule msisimo ni uchafu, programu yake inaufuta wote. Kwamba MP3 na kaseti sikio la binadamu haliwezi kuzitofautisha. Kwamba kanda ikishaingia kwenye kompyuta inabaki takataka, na nikitaka nirudishiwe niongeze pesa ya posta. Nilishalipa dola 180. Nikamwambia basi, azitupe.

Sasa elewa programu zile zinafanyaje kazi. Unaichagulia kipande cha ukimya, inajifunza sauti ya msisimo uliopo pale, halafu inauondoa kanda nzima. Kwenye rekodi iliyochukuliwa katikati ya mashabiki hakuna ukimya. Kipande alichokichagua yeye kama "kelele" kilikuwa ni watu: minong'ono, miguu kwenye sakafu, pumzi ya ukumbi mzima. Kwa hiyo programu ikawafuta watu. Matoazi yakageuka kama maji yanayozunguka kwenye sinki. Gitaa la Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi, pale anapoiacha noti ya mwisho ife taratibu na ukumbi ukaijibu, likawa linakatika ghafla kama mtu kafunga mlango.

Mzee alikuwa ananisubiri sehemu moja tu. Kabla ya seti ya pili kuanza, mdogo wake aliongea karibu kabisa na maikrofoni, akacheka. Mzee alivaa hedifoni, akainama, akaongeza sauti, akarudisha nyuma, akaongeza tena. Palipokuwa na yule kijana pakawa na sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo ya maji. Akavua hedifoni, akakunja waya polepole, akauweka mezani, akanishukuru.

Nilirudi dukani mbio. Kaseti zilishachukuliwa na gari la taka. Nikaomba basi hata faili lenyewe kabla ya kusafishwa. Kahifadhi lile lililosafishwa juu yake, halipo tena. Na nilipombana zaidi akakiri kwamba alizicheza huku kawasha Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza msisimo, wakati kwenye karatasi ya ndani mzee aliandika wazi kwa penseli kwamba alirekodi bila Dolby. Ndiyo maana hata kabla ya kufutwa, sauti za juu zilikuwa zimeshafunikwa kama na blanketi. Mtu anachukua pesa yako, hasomi karatasi! Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inachemka. Na anayetaka kunicheka humu kwa sababu ya kaseti tatu, acheke, ila kwanza aje na rekodi ya mtu wake aliyefariki.

Hata hiyo ya 1977 mnayobishania tunayo kwa sababu haikutupwa. Betty Cantor-Jackson aliirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, mashine inayochanganya sauti za jukwaani. Kanda zake zikaja kukaa stoo ya kukodi, kodi haikulipwa, zikapigwa mnada 1986. Angezinunua mtu anayetaka kufuta na kurekodia mambo yake, leo msingekuwa na cha kubishania. Zilinakiliwa, zikazagaa kwa mashabiki, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza shoo hiyo kwenye orodha ya rekodi za taifa ya 2011, na 2017 ikatoka rasmi. Kwa hiyo ya Cornell unaweza kuinunua leo hii ikiwa safi. Zile nyingine za sandukuni, zilizorekodiwa na mashabiki, pengine nakala yako ni ya kwanza kutoka kwenye deki ya aliyerekodi, na hakuna mwingine aliye nayo. Hizo ndizo za kushika kwa mikono miwili.

Fanya hivi. Tafuta deki nzima ya vichwa vitatu, mpe fundi asafishe kichwa, yaani sehemu inayosoma kanda, na kukirekebisha kifuate mlalo wa kila kanda, maana kikipinda kidogo tu sauti za juu zinapotea, na hakuna programu ya kuzirudisha. Dolby soma kwenye karatasi kwanza. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, hifadhi kama FLAC, faili lisilopoteza sauti kama MP3, weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Faili hilo lifunge. Ukitaka kusafisha, safisha nakala yake, hata mara mia. Na mtu akikuuzia FLAC, ifungue kwenye programu inayoonyesha masafa: ukiona sauti imekatwa wima kama kwa kisu karibu na kilohezi 16, ujue ilikuwa MP3 ikavikwa kanzu.

Leo usiku, kabla hujalala, toa karatasi zote za ndani uzipige picha pande zote mbili. Kisha ziweke hapa uzini, tusome huyo jirani aliandika nini kwa penseli.