Kabla Hujapakua Kihariri cha Nne: Ushauri kwa Anayeanza Kujifunza Lugha ya Programu

Nilipoanza kujifunza lugha ya programu iitwayo Python nilikuwa na vitabu sita kwenye folda moja na vihariri vitatu (programu za kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta) kwenye kompyuta. Miezi miwili ikapita bila mimi kuandika programu hata moja ikafanya kazi. Kila nilipokwama nilidhani kifaa ndicho kibaya, nikapakua kingine. Siku hizi watu wananiuliza mara kwa mara waanze na kitabu gani na watumie programu gani, na ninaona wanaelekea kwenye tope lilelile nililotoka mimi.

Kipimo changu sasa ni kimoja. Ukikwama, na lazima utakwama, uwe na uhakika kwamba kosa liko kwenye ulichoandika wewe, na uweze kuliona. Kitabu au programu inayokunyima hilo iweke kando, hata kama inasifiwa na kila mtu.

Nianze na kitabu, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Kitabu changu cha kwanza kiliandikwa na mtu anayejua kufundisha. Kurasa za mwanzoni tu kiliniambia niandike print (amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini), niache nafasi, kisha niweke maneno ndani ya alama za kunukuu. Nikaandika. Kompyuta ikakataa, ikasema sintaksia, yaani sarufi ya lugha, si sahihi. Nikarudia herufi kwa herufi, ikakataa tena. Usiku ule nililala nikiamini kwamba kichwa changu hakifai kwa kazi hii. Siku kadhaa baadaye ndipo nikagundua kwamba kitabu kilikuwa cha Python 2, na kwenye kompyuta nilikuwa nimeweka Python 3. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na walioitengeneza walivunja kwa makusudi baadhi ya desturi za zamani. Mojawapo ilikuwa hiyo print, ambayo sasa ni fanksheni (kipande cha msimbo unachokiita kwa jina) na inataka mabano. Toleo la 2 nalo liliendelea kutunzwa mpaka mwanzo wa 2020. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi vitabu vya matoleo yote mawili vilikaa pamoja, na mgeni hakuwa na njia rahisi ya kuvitofautisha kwa kutazama jalada.

Afadhali print, kwa sababu inapiga kelele. Kuna tofauti zinazokaa kimya. Gawanya 5 kwa 2 katika Python 2, utapata 2. Fanya hivyo katika Python 3, utapata 2.5. Programu inakwenda mpaka mwisho bila ujumbe wowote wa kosa, ila jibu lako halifanani na la kitabuni. Mwanafunzi asiyejua haya atajilaumu mwenyewe, na wengi huacha hapo.

Basi kabla ya kusoma sura ya kwanza, tafuta ukurasa wa mbele unaotaja mwaka wa kuchapishwa na toleo la lugha. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika python --version, ulinganishe. Ni kazi ya dakika mbili. Ukitaka kuwa salama zaidi, tumia mafunzo rasmi kwenye tovuti ya Python yenyewe, maana pale unachagua toleo ulilonalo na kila unachosoma kinalihusu hilo.

Lakini usichukue mwaka peke yake kama hukumu, kwa sababu lugha hazizeeki sawa. Kwa JavaScript mpaka ni 2015, mwaka yalipoingia maneno let na const, ya kutangazia majina ya kutunzia thamani. Kitabu cha kabla ya hapo msimbo wake bado unakwenda, ila utakuwa umejifunza lahaja ambayo hutaikuta mara nyingi kwenye kazi za watu wa leo. C ni kinyume kabisa. Kitabu alichoandika Dennis Ritchie, aliyeibuni lugha hiyo, pamoja na Brian Kernighan, kilitoka mara ya pili mwaka 1988, na sehemu kubwa ya yaliyomo bado ni sahihi. Tatizo lake kwa mgeni ni jingine: kiliandikiwa watu ambao tayari wameonja kuandika programu.

Likishapatana toleo, fungua sura ya katikati. Sura za kwanza za vitabu hivi zote ni tamu. Katikati ndipo unapojua kama mwandishi bado anakushika mkono. Halafu tazama mazoezi. Kitabu kisicho na mazoezi mimi sikipendekezi kwa anayeanza, hata kiwe kimeandikwa vizuri namna gani, kwa sababu ukisoma msimbo wa mwenzako kila kitu kinaonekana wazi mpaka utakapoachiwa ukurasa mtupu.

Kwenye programu za kuandikia, maneno yangu ni machache zaidi. Kwa Python anza na IDLE, ambayo kwa kawaida huja pamoja na lugha yenyewe, au Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Thonny inakuonyesha pembeni kila jina ulilolitunza na thamani yake, na inaweza kuitembeza programu hatua kwa hatua huku ukitazama thamani zinavyobadilika. Mimi vitanzi, yaani sehemu za msimbo zinazojirudia, vilinieleweka siku nilipokitazama kimoja kikizunguka hivyo.

Vihariri vikubwa kama Visual Studio Code ni vizuri, na ndicho ninachotumia leo. Mwanzoni vilinidhuru. Majuma yaliisha nikichagua rangi na kuongeza vidude, na kihariri kikawa kinanifungia mabano na kunimalizia maneno. Siku moja nilikaa kwenye kompyuta ya mwenzangu isiyo na vifaa hivyo nikashindwa kuandika kitanzi cha mistari mitatu. Nilikuwa nimejifunza kubonyeza, sikuwa nimejifunza lugha. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba wanaoanza wasiiachie akili mnemba iwaandikie mazoezi. Iulizeni maana ya ujumbe wa kosa, hilo linasaidia sana. Zoezi andikeni wenyewe.

Kuna kifaa kimoja ambacho watu hawakihesabu kuwa kifaa, nacho ni toleo jipya la lugha. Zamani ukisahau kufunga mabano kwenye mstari wa 11, Python ingeweza kulalamikia mstari wa 12, nawe ungeukodolea macho mstari usio na kosa lolote. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, inakuambia waziwazi kwamba mabano hayakufungwa na inakuonyesha yalipoanzia. Kwa anayeanza, hilo lina thamani kuliko kidude chochote cha kuongeza. Na ujumbe wa kosa katika Python usome kuanzia chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na iliyo juu yake inaonyesha lilipotokea.

Wakati wa kuhamia kihariri kikubwa unajitangaza wenyewe. Kwangu ulifika programu ilipogawanyika katika faili tatu, nikawa natafuta jina moja kwa macho kutoka faili hadi faili. Nikahama. Mwezi wa kwanza nilijifunza mambo mawili tu, kutafuta neno kwenye faili zote kwa pamoja, na kutumia dibaga, ile inayosimamisha programu kwenye mstari unaoutaka ili uikague. Git, programu inayotunza matoleo ya kazi yako, niliiongeza baadaye, baada ya kufuta kwa bahati mbaya kazi ya siku nzima.

Kati ya vile vitabu sita nilimaliza kimoja, pamoja na mazoezi yake yote. Vinne nilivifuta. Cha sita nilikirudia mwaka uliofuata kwa ajili ya sura moja ya kusoma na kuandika faili, na safari hiyo nilipokutana na print isiyo na mabano, niliyaweka mwenyewe nikaendelea kusoma.