Ukiombwa kuwa mjumbe wa kimyakimya, uliza kwanza nani analipa hoteli

Mdogo wangu mmoja kanipigia juzi, kuna mzee mstaafu anataka aende nae nchi jirani wakaonane na watu wa upinzani, sio safari ya serikali, barua hakuna, yeye ataitwa "mshauri" basi. Anauliza aende au asiende. Nikamwambia kabla hujauliza mnakutana na nani, uliza nani analipa, maana mi yalishanikuta.

Ilikuwa Arusha, kipindi kile marehemu Mzee Mkapa anasuluhisha Warundi, kazi aliyopewa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Pembeni ya mazungumzo yenyewe tulikuwepo watu ambao hatumo kwenye orodha yoyote, tunakaa na wajumbe usiku kwenye chai, tunabeba maneno toka chumba hiki kwenda kile. Mi nilikuwa natafsiri Kifaransa na kumwandikia mzee mmoja niliyeenda nae. Siku ya tatu nikaenda mapokezi kuulizia bili, dada akageuza kompyuta nikaona vyumba vyetu vyote vimelipiwa na kampuni ya mfanyabiashara mmoja, na huyo nilishasikia anahangaikia leseni ya madini kulekule Burundi. Nikarudi chumbani nikakaa kitandani na kidaftari changu mkononi, humo ndani nimeandika nani anaogopa kurudi kwao, nani yuko tayari kulegeza, mambo ambayo watu walituambia kwa kutuamini, na kila jioni mzee alikuwa anakichukua "kukipitia". Nilipomuuliza akasema mwanangu hayo madogo. Nikanyamaza siku mbili zaidi kwa sababu posho ilikuwa nzuri, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo hela jua inatoka wapi, na ukishajua waambie pande zote mbili, tena mapema, kabla hawajakufungulia moyo. Kama ukiwaambia watakataa kuongea na wewe basi ujue hukupaswa kuwa pale.

Maneno nayo yabebe kama ulivyopewa. Kuna siku mtu alisema "hatukai nao" mi nikapeleka "bado wanafikiria", nikidhani nasaidia, kesho yake wenzao wakaja wakasubiri saa nzima hamna mtu, na baada ya hapo hakuna aliyeniamini tena na walikuwa na haki.

Halafu kinga huna. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamlinda mwanadiplomasia anayetambulika, wewe ni msafiri tu, ukikamatwa na makaratasi ya watu ni wewe na wao. Na serikali yako inaweza isipende kabisa, Wamarekani wana sheria tangu 1799 inayokataza raia kujadiliana na serikali ya nje yenye mgogoro nao bila ruhusa, ilitungwa baada ya daktari mmoja, George Logan, kujiendea Ufaransa kutafuta amani bila kutumwa na mtu. Kwa hiyo wizarani wajue upo huko, hata kama hawajakutuma.

Sisemi kazi hii ni mbaya jamani. Frelimo na Renamo, waliokuwa wanapigana vita Msumbiji, walizungumza Roma miaka miwili na zaidi mpaka wakasaini tarehe 4 Oktoba 1992, na waliowakalisha ni jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, hawakuwa na jeshi wala ubalozi, ila kila upande ulijua umekaa na nani na serikali ya Italia ilikuwa na mtu wake mezani. Na Kofi Annan alipofika Nairobi 2008 kusuluhisha Wakenya baada ya vurugu za uchaguzi alisisitiza usuluhishi uwe mmoja, watu wasiwe wanakimbilia kwa msuluhishi mwingine kila wakibanwa. Ukiwa mtu wa pembeni hilo likuguse, yani kama kuna msuluhishi anayetambulika mwambie upo na unafanya nini, akikwambia kaa pembeni, kaa.

Jana mdogo wangu kapiga tena. Kamuuliza mzee, mzee kamjibu hayo ya hela niachie mimi. Nimemwambia asipande hiyo ndege.