Jibu: Kwa nini minara miwili ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, hailingani?

Mkuu, umeuliza kama fundi alikosea vipimo. Hapana, ni tofauti ya nyakati. Mnara wa kusini, ule usio na madoido, ni wa karne ya 12 na ulinusurika moto wa 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa. Wa kaskazini ulikuwa na kilele cha mbao. Radi ikakiunguza 1506, ndipo mjenzi Jean de Beauce akajenga cha mawe, kilichochongwa kwa mtindo wa zama zake, kikakamilika 1513. Binafsi naupenda wa kusini.

Ukifika Ufaransa, usiishie kwenye minara. Chungulia sehemu za chini za madirisha ya vioo vya rangi: utaona picha za washona viatu kazini, na muuza manyoya akimfungulia mteja joho.