Nilikunywa glukosi miezi minne, kumbe damu ndiyo imekwisha

Duka langu la vitenge liko ghorofa ya tatu, Kariakoo, kwenye jengo ambalo lifti yake ni pambo. Miaka tisa nilipanda zile ngazi huku naongea na simu. Mwaka juzi nikaanza kupumzika ghorofa ya pili. Baadaye ya kwanza. Kijana anayenibebea marobota akawa ananiuliza, "Mama, unaumwa?" Namjibu joto tu, mwanangu, Dar hii.

Nikajitibu mwenyewe. Kopo la glukosi likawa halitoki mezani: vijiko vitatu kwenye maji ya baridi asubuhi, mchana tena. Muuzaji wa duka la dawa akaniongezea vidonge vya vitamini "vya kuleta nguvu". Nikanywa na zile soda za kuongeza nguvu ambazo wamachinga wanapitisha kwenye ndoo za barafu. Kilichoongezeka ni kiuno. Moyo nao ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni nikilala.

Nilipokwenda zahanati, wakanibana kidole na kile kimashine kidogo. Kikasoma 98. Nikaambiwa oksijeni iko vizuri, nipunguze mawazo. Nikarudi dukani nimefurahi, nikapumzika ghorofa ya kwanza kama kawaida.

Dada yangu ndiye aliyenivuta kope la chini siku moja tunakula, akaona ndani peupe kama karatasi. "Kesho unapima wingi wa damu, sitaki maneno." Majibu: 7.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa angalau 12, mwanaume 13. Daktari alinitazama, akauliza nimefikaje pale kwa miguu.

Sasa 98 ya nini, kama hali ndiyo hiyo? Swali hilo lilinisumbua kuliko ugonjwa wenyewe, hadi nikachukua kitabu cha baiolojia cha binti yangu wa kidato cha sita. Nimesoma mwenyewe, nimeuliza, na nitaeleza nilivyoelewa.

Chakula peke yake si nguvu. Seli inakivunja chakula kidogo kidogo, na kinachochukuliwa humo ni elektroni, vichembe vidogo sana vyenye chaji ya umeme. Zinapelekwa kwenye vijumba vidogo ndani ya seli, mitokondria, na pale zinapokezanwa kutoka protini hadi protini. Umeshaona vijana wa ujenzi wakipandisha zege? Wanajipanga ngazini, karai linapita mkono hadi mkono. Kila elektroni inapopokelewa nguvu kidogo inatoka, na mwili unaitumia kutengeneza ATP, ambayo ndiyo hasa misuli, ubongo na moyo vinaitumia. Oksijeni ni yule kijana wa juu kabisa, anayepokea karai la mwisho. Anazipokea elektroni, anaungana na haidrojeni, yanakuwa maji. Kazi yake ni hiyo tu. Asipokuwepo, wa chini yake atabaki ameshika karai, na wa chini ya huyo vilevile, mpaka mstari mzima umesimama. (Ile sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri inafanya kazi papo hapo: inamfunga mikono yule anayemkabidhi karai kijana wa juu. Damu inaweza kujaa oksijeni na seli zisiweze kuitumia. Bibi zetu waliokuwa wakali kwenye kuloweka walijua wanachokifanya.)

Na mimi nilikuwa nafanya nini miezi minne? Naongeza saruji chini.

Mstari ukisimama seli haifi hapo hapo. Inao uwezo wa kuvunja glukosi bila oksijeni, ila inaambulia ATP 2 kwa kila molekuli, wakati kwa oksijeni ingepata kama 30. Tena inabaki na asidi ya laktiki. Misuli ya miguu inavumilia mtindo huo kwa muda, ndiyo maana nilifika dukani, hata kama mapaja yalikuwa yanawaka. Ubongo hauwezi. Una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na ukiikosa kabisa unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Sahau zangu za kipindi kile, kumrudishia mteja chenji mara mbili, nadhani zilianzia huko.

Turudi kwenye 98. Oksijeni inasafiri kwenye damu ikiwa imepanda himoglobini, ile protini nyekundu inayopimwa kwenye wingi wa damu, na himoglobini moja ina siti nne. Kimashine cha kidole kinaangalia siti zimejaa kwa asilimia ngapi. Hakihesabu magari. Daladala za Mbagala zikibaki nusu, zote zitajaa pomoni, na watu watabaki kituoni. Yangu zilijaa asilimia 98. Zilikuwa chache tu. Moyo kudunda usiku ni dereva anayeongeza tripu kufidia.

Kwa hiyo kama unachoka bila sababu, unahema kwenye ngazi ulizozizoea, moyo unakwenda mbio, usinunue nguvu. Nenda kapime wingi wa damu. Ni tone moja tu la damu, majibu unayapata siku hiyo hiyo.

Na ikiwa ndogo, usikimbilie tu vidonge vya kuongeza damu. Uliza imekwenda wapi. Yangu ilikuwa inakwenda na hedhi, siku nane nzito kila mwezi, na mimi nikidhani ndiyo maumbile yangu. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Mwingine ni minyoo, malaria, au kidonda cha tumbo. Mwenye selimundu anaweza kuwa na damu pungufu huku madini ya chuma yamejaa mwilini, na vidonge hivyo vikamdhuru.

Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Mimi vilinifunga choo pia, mapapai yalisaidia. Usivimeze na chai, wala chai ya rangi mara baada ya mlo, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili. Ndimu au chungwa vinasaidia kukiingiza. Juisi ya rozela na matembele nilikunywa pia, nazipenda, ila kwa 7.1 zisingetosha. Na usiache dozi ukijisikia vizuri. Mimi niliambiwa niendelee miezi mitatu baada ya kipimo kukaa sawa, ili akiba ijae.

Lakini kama unahema ukiwa umekaa, kifua kinabana, au umeanguka na kuzimia, usisome zaidi. Mwambie mtu akupeleke hospitali sasa hivi, na usiende kwa bodaboda ukiwa peke yako nyuma.